Mdhamini wa Pili

Nilifika Thika nikiwa nimeketi juu ya ng'ombe. Lori la mifugo kutoka Moyale lilikuwa limebeba ng'ombe ishirini na kitu, na juu yao vilipitishwa vyuma kutoka ubavu mmoja wa bodi hadi mwingine. Sisi watatu tuliketi juu ya vyuma hivyo siku mbili na nusu, miguu ikining'inia juu ya migongo yao, vumbi la Marsabit likitupaka rangi moja na wanyama. Kazi yetu ilikuwa moja tu: ng'ombe akianguka, unashuka katikati yao na kumkunja mkia mpaka ainuke, kwa sababu ng'ombe aliyelala ndani ya lori hukanyagwa na wenzake mpaka afe. Kabla ya Isiolo nilishuka mara tatu bila kuumia. Tulipopita Sagana, fahali mmoja mwekundu akaanguka, nikashuka, na alipoinuka akaubana mkono wangu wa kushoto kati ya pembe yake na mbao. Dereva alivitazama vidole vyangu akasema, "Buda, hii si ya kufungwa na kitambaa." Akaacha barabara kuu, akaniteremsha Makongeni mbele ya kliniki yenye mlango wa kijani, akanirushia begi langu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Moyale nilikuwa nimekaa miezi kumi na mmoja, na kabla ya hapo kulikuwa na miji mingine ambayo sasa naichanganya. Thika nilipanga kukaa mpaka bandeji itolewe.

Mwezi uliopita, Sista Wambui, aliyekuwa muuguzi mkuu wa kliniki hiyo, alinipigia simu. Sijui namba yangu aliitoa wapi, maana nimebadilisha laini mara nyingi kuliko viatu. "Daktari anastaafu," alisema. "Tunamfanyia chakula Jumapili, huku Ruiru. Amekuulizia." Nikamuuliza alisema nini hasa. "Ameuliza kama bado unahamahama." Nilifunga begi Jumamosi, nikaenda stendi ya mjini Kitale, nilikokuwa nikiishi, nikiwa na nia kabisa ya kwenda Ruiru, na kijana wa tiketi aliponiuliza dirishani ninakwenda wapi, nikamwambia Lodwar. Lodwar sikuwa na kazi wala mtu. Jumapili hiyo, wakati wao wanakula, mimi nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha kupanga chenye joto kama tanuri nikiandika kurasa hizi nyuma ya daftari la hesabu. Nimeishi mahali pengi, na mahali pengi nimepasahau. Mwaka ule mmoja wa Thika na Ruiru ndio unaonifuata.

Daktari alikuwa Mkongo kutoka Bukavu. Jina lake lilikuwa Mushagalusa, lakini Makongeni hakuna aliyekuwa na muda wa kulimaliza, kwa hiyo akawa Daktari Musha. Alinishona vidole akinisimulia juu ya ng'ombe wa kwao, na sikujua amemaliza mpaka alipokata uzi. Nje foleni ilikuwa imefika barabarani, kwa sababu msichana wa mapokezi alikuwa ameenda kujifungua. Sista Wambui akanitazama nilivyokaa na mkono wangu mweupe kwa bandeji. "Wewe, unajua kuandika?" Nikamwambia nimemaliza kidato cha nne. "Sikukuuliza ulimaliza nini. Andika hapo jina la huyu mama." Nikaandika la yule mama, na la aliyemfuata, na jioni nikawa karani. Daktari alikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba aliyopanga Ruiru, kikiwa na dirisha linalotazama tangi la maji na kamba ya nguo. Akanipa nilale humo. Asubuhi tulikuja Makongeni pamoja kwa gari lake dogo lililonuka dawa ya kuoshea sakafu, na jioni tulirudi pamoja.

Chakula cha jioni nilikula kwao. Mkewe, Mama Furaha, alitwanga majani ya muhogo kwenye kinu mpaka yakawa laini kama uji, akayapika na mafuta ya mawese na samaki mkavu. Waliyaita sombe. Majirani Wakikuyu walikuwa wakimchungulia juu ya ua. "Mama Furaha, hayo si ya mbuzi?" "Ya mbuzi, ndiyo," alikuwa akijibu, "lakini leo mbuzi wamealika watu." Meza yao ilikuwa kubwa, ya watu wanane, ila tulikula tumejibana upande mmoja, kwa sababu upande wa pili ulikuwa wa karatasi. Kulikuwa na nakala za pasipoti, vibali vyote vya kazi tangu alipoingia nchini, vyeti vya kodi, cheti cha tabia njema cha polisi, barua ya chifu, mikataba ya nyumba, leseni za kila mwaka, kila kitu kimebanwa na kuwekewa namba. Furaha, binti yao aliyekuwa kidato cha tatu, aliuita upande ule Kenya. "Baba, sogeza bakuli, usiimwagie Kenya mchuzi." Tulikuwa tukicheka, na daktari alikuwa akicheka pia, halafu alisogeza bakuli.

Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa zile karatasi zilikuwa za nini. Daktari alifanya kazi kwa kibali cha miaka miwili miwili. Kibali kikiisha kabla kipya hakijatoka, leseni yake ya udaktari nayo husimama, na kuanzia asubuhi hiyo haruhusiwi kugusa mgonjwa, hata kumpima homa. Kwake uraia ulikuwa na maana hiyo moja, na alinieleza siku moja tukiwa tumesimama kwenye taa za barabarani, bila kunitazama. "Ndugu Mutua, mimi sitaki kupiga kura. Sitaki kiwanja. Nataka nikiamka asubuhi mikono iwe yangu." Alikuwa ameshaishi nchini miaka zaidi ya ile inayotakiwa, na miaka hiyo yote alikuwa ameihesabu kwa uangalifu, bila kusafiri ovyo, asije akaharibu hesabu. Mama yake huko Bukavu alikuwa amezeeka kwenye picha za simu. Mdogo wake alioa, akapata watoto watatu, na daktari alikuwa akiwasalimia watoto hao kwa majina asiyokuwa na uhakika nayo. Kibali chake cha wakati huo kilikuwa kinaisha mwezi wa Desemba. Alitaka maombi ya uraia yawe yameingia kabla ya hapo.

Fomu ilihitaji Wakenya wawili wa kumthibitisha. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Gathogo, mstaafu aliyekuwa jirani yake Ruiru, ambaye alisaini siku ileile kwa kalamu ya wino. Wa pili ndiye aliyekosekana, na ajabu ni kwamba watu waliomkataa walikuwa haohao waliokaa kwenye benchi letu kila wiki wakimsifu. Nilikuwa nawasikia kutoka dirishani pangu. Mama Shiro, muuza viazi wa soko la Makongeni, aliyejifungulia watoto wake wote wawili mikononi mwa daktari, ndiye aliyeanza. "Mdhamini? Kama wa mkopo wa sacco?" Sista Wambui akamwambia si mkopo, ni uraia. "Ni kitu kimoja! Mimi nilimdhamini shemeji yangu akapotelea Dubai, na sasa ni hisa zangu zinakatwa. Huyu naye akipotea?" Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akaingilia. "Akirudi Congo, ni sisi tutaambiwa twende tukamlete. Mimi Congo nitaingilia mlango gani?" "Watakuweka wewe huko mahali pake," mwingine akasema, "ukatibu watu." Benchi zima likacheka. "Lakini haki nampenda daktari," Mama Shiro akasema. "Nampenda kabisa. Ila nimpende bila kalamu." Wambui akawaeleza tena, polepole, kwamba hakuna anayelipa chochote. Walitikisa vichwa kwa heshima kama watu wanaomsikiliza wakala wa bima.

Mwezi wa Septemba daktari alikuja kwenye dirisha langu wakati wa chakula cha mchana. "Wewe uko raia, ndugu yangu," alisema. "Unaweza kunisainia?" Akaiacha fomu mezani akaenda kumwona mtoto mwenye kikohozi. Nilijaza jina langu, namba ya kitambulisho, kazi. Kisha kulikuwa na mstari uliouliza nimemfahamu mwombaji kwa muda gani. Nilikuwa nimemfahamu kwa miezi saba. Nimejielezea jambo hili kwa njia nyingi tangu siku ile, kwamba nilitaka kumsaidia, kwamba miezi saba ingeonekana kama dharau, na zote zina ukweli kidogo. Lakini nakumbuka nilivyojisikia kalamu ikiwa mkononi. Sikuwahi kumjua mtu yeyote kwa muda mrefu. Nilitaka, hata kwa karatasi tu, kuwa mtu aliyekaa mahali mpaka akajua ya mahali hapo. Nikaandika: miaka minane. Ilipendeza machoni. Nikaitia fomu kwenye bahasha pamoja na nyingine, nikaifunga, na kesho yake niliipeleka mwenyewe Nairobi.

Daktari alipoitwa kwa mahojiano mwezi wa Novemba, Mama Furaha alimpigia pasi shati mara mbili. Alirudi saa nane mchana. Nilikuwepo nyumbani kwa sababu ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na Mama Furaha alikuwa ameniita nile ndizi. Daktari aliketi bila kunawa mikono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Kiswahili changu walikipenda," alisema. "Walicheka kidogo, lakini vizuri." Kisha akanigeukia. "Waliniuliza, huyu Mutua umemjua tangu lini? Nikawaambia, tangu Februari, aliletwa na lori la ng'ombe. Yule mama akanitazama. Akatazama karatasi. Akaniuliza tena. Nikasema tena Februari." Furaha alikuwa ameshika kijiko hewani. "Ndugu Mutua, uliandika nini pale?" Nikamwambia. Hakupaza sauti. Mama Furaha ndiye aliyesimama, akachukua sahani yangu iliyokuwa bado na ndizi, akaipeleka jikoni. Tulimsikia akiiosha muda mrefu. "Miaka minane," daktari alisema. "Miaka minane iliyopita mimi nilikuwa bado nakaa Kahawa Sukari, sijahamia Ruiru."

Faili lilirudishwa nyuma ili kila karatasi ichunguzwe upya, na ombi la kibali kipya cha kazi, lililokuwa kwenye faili hilohilo, likasubiri pamoja nalo. Sikuweza kuilaumu ofisi. Ningekuwa mimi ni wao ningechunguza pia. Desemba ikapita. Januari asubuhi ya kwanza, daktari alikuja kliniki kama kawaida, akavua koti lake jeupe, akalikunja, akampa Wambui aliweke kabatini. Kisha akaenda akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Kijana mmoja aliyeitwa Njoroge, mwenye leseni yake lakini aliyekuwa na miezi sita tu kazini, ndiye aliyeajiriwa kuwaona watu. Wagonjwa walikaa kando ya daktari wakimweleza maumivu yao kwa mazoea, naye aliwasikiliza mikono ikiwa kwapani, akisema, "Mwambie daktari Njoroge hivyohivyo ulivyoniambia." Nyumbani aliacha kuzungumza wakati wa kula. Mimi nilikuwa nakula chumbani mwangu, chapati na chai, nikisikiliza vijiko vyao.

Wiki ya tatu Mama Shiro aliingia akikimbia na binti yake mdogo mikononi, mtoto anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Nyuma yake alikuwa shosho, nyanya wa mtoto, ameshika kijiko, tayari kumtia mdomoni. Njoroge alitoka chumbani akasimama. Nilimwona akisimama, na nilijua amesahau kila kitu. Daktari aliinuka kutoka benchi. Wambui akamwambia kwa sauti ya chini, "Daktari, usiguse. Tafadhali, usiguse." Akasimama mahali pale, akaweka mikono nyuma, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti kubwa kama mhubiri. "Ee Bwana, mlaze mtoto huyu kwa ubavu wa kushoto!" Njoroge akamlaza. "Ee Bwana, waondolee watu wako kijiko, maana kijiko kinavunja meno!" "Amina," wakasema watu wa benchi, na mzee wa kofia ya manyoya akamnyang'anya shosho kijiko. "Ee Bwana, mkumbushe mtumishi wako Njoroge ile dawa ya degedege iliyo kwenye droo ya pili, na apime uzito wa mtoto kabla ya kuivuta kwenye bomba!" "Amina!" "Ipitishwe nyuma, Bwana, isipitishwe mdomoni!" "Amina, Amina!" "Na sukari ya damu, ee Mungu, asiisahau sukari!" Jasho lilimtoka mpaka shati likamganda mgongoni. Mtoto alitulia. Baada ya muda alilia, na kile kilio kiliwafanya watu kadhaa wakae chini. Daktari alifumbua macho akaangalia mikono yake, ambayo bado ilikuwa nyuma, kama mtu anayehakikisha haijatoroka. Alikwenda akasimama uani karibu na pipa la takataka, na hakuna aliyemfuata.

Kesho yake nilimtafuta wakili wa mjini Thika, nikaapa mbele yake kwa maandishi kwamba niliandika uongo na kwamba daktari hakuujua, kisha nikapeleka hati ile Nairobi. Niliingia kwa yule mama aliyemhoji daktari. Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi shingoni na chai iliyopoa. Aliisoma mara mbili. "Bwana Mutua, unajua hili ni kosa?" Nikasema najua. "Alikulipa?" Nikasema hapana. "Sasa kwa nini?" Nikatazama saini yangu kwenye ile hati. Akachukua kalamu. "Ulikuwa unaishi wapi mwaka juzi?" Nikafikiri. Nikamwambia Moyale, halafu nikasema hapana, mwanzoni mwa mwaka nilikuwa Taveta, au labda Voi. Aliweka kalamu chini. "Huyo daktari wako ametuletea karatasi ya kila mwezi aliolala katika nchi hii. Wewe umezaliwa hapa na huwezi kuniambia ulilala wapi mwaka juzi." Hakusema kwa ubaya. Akaniambia hatanishtaki, lakini jina langu litaondolewa, na daktari alete mdhamini mwingine, mtu mwenye anwani. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Kwa kweli nilitamani anishtaki. Mshtakiwa huambiwa abaki mahali.

Mdhamini mpya alikuwa Mama Shiro. Hakuja na machozi ya shukrani, alikuja amekasirika. "Leteni hiyo kitu," alisema mbele ya dirisha langu. "Nimechoka kuja hapa nikitibiwa na mtoto, na daktari mwenyewe amekaa tu kama mzigo wa stendi." Aliisoma fomu mstari kwa mstari, kidole kikifuata. "Na sitalipa?" "Hutalipa," nikamwambia. "Wewe nyamaza, namuuliza Wambui." Wambui akamwambia hatalipa. Alipofika kwenye ule mstari wa muda, alihesabu kwa kunong'ona: Shiro alizaliwa kliniki ikiwa bado haina saruji sakafuni, Shiro sasa yuko darasa la sita. Akaandika hesabu yake, akanirudishia kalamu yangu bila kunitazama.

Kibali kilitoka katikati ya Februari. Uraia haukutoka, si wakati huo. Nilikuja kujua kutoka kwa Wambui, kwenye simu ya mwezi uliopita, kwamba ulimchukua daktari miaka minne zaidi, vibali viwili zaidi, na kwamba Furaha aliingia chuo kikuu akiwa kwenye orodha ya wageni wakati rafiki zake aliosoma nao tangu chekechea waliingia kwa orodha nyingine. Miaka minne. Nimejaribu kuigawa na ile minane, kana kwamba kuna hesabu ambayo ingeipunguza, na hakuna. Jumapili moja baada ya kibali, daktari alinipeleka Murera, kwenye kishamba alichokodi kwa ajili ya muhogo wa mkewe. Tulipalilia hadi saa sita. Kisha akasema, ameinama, "Kaa, ndugu Mutua. Kaa hapa miaka mingine saba. Ile karatasi yako itakuwa si uongo tena." Alitania, lakini hakucheka. Nilimwambia nitafikiria. Miguu yangu ilikuwa tayari inawasha ndani ya viatu, kama inavyowasha sasa Lodwar, na niliichukia kwa hilo kama ninavyoichukia leo. Mtu alikuwa amenifungulia mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa akiugonga miaka yote, na mimi nilichokiona ni barabara nyuma yake.

Niliondoka mwezi wa Machi, siku ya Jumanne, asubuhi. Mama Furaha alinifungia maandazi kwenye gazeti, hatukuwa tumezungumza sana tangu ile sahani, na alinipa akisema tu, "Uyale yakiwa moto." Furaha alikuwa ameshaenda shule. Daktari alinisindikiza mpaka getini, koti jeupe likiwa mkononi mwake, limepigwa pasi.

"Wataniuliza tena juu yako," alisema. "Jina limetoka, lakini faili bado iko wazi. Wakisema, yule mtu yuko wapi sasa, mimi niseme nini?"

"Sema hujui."

Alifikiria jibu hilo kwa makini, kama alivyofikiria kila jibu ambalo lingeandikwa.

"Bon, sawa," alisema. "Hiyo itakuwa kweli."

Akatazama saa, maana Makongeni watu walikuwa wameshapanga foleni, akarudi ndani kuchukua ufunguo wa gari. Mimi nikavuka barabara kabla hajatoka.